Toleo la Kwanza, Tena

Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, Dundee.
Theluji nyepesi, ile isiyojua kama ni mvua,
inatua kwenye kofia zetu na kufa.
Duka la Innes bado limefungwa.
Nimetoka zamu ya usiku, wodi ya saba,
viatu vyangu vinanuka dawa ya sakafu,
na nimesimama wa nne kwenye foleni
kama mtu aliyekuja kuchukua majibu ya vipimo.

Miaka kumi na mmoja walitunyima.
Toleo la mia na kumi na mbili lilikatika
Bi Mvuke akiwa ameshatia mguu mtoni,
Msumari akimwita, mdomo wazi,
na kiputo cha maneno yake kitupu.
Kitupu! Nilidhani mtambo umekosea.
Nilirudi dukani nibadilishiwe nakala.
Innes akanifunulia zote, moja moja:
zote zilikuwa kimya.

Sasa wanarudi. Kampuni nyingine imekinunua
Kikosi cha Alfajiri, wote watano,
pamoja na gari lao bovu na deni la pango,
na bango dirishani linasema WAPYA KABISA.
Hilo "kabisa" ndilo linalonitia baridi.

Wojtek, dereva wa lori la taka, anaapa
Bi Mvuke ataibuka ukurasa wa mwisho, chepechepe, hai.
Ameshawekeana dau na mkewe, pauni ishirini.
Catriona wa maktaba anasema heri abaki mtoni
kuliko arudi ana miaka kumi na tisa
na kiuno cha nyigu.
"Yule mama alikuwa na magoti mabovu," anasema,
"na alipaa hivyo hivyo."

Mimi namwogopea Zege.
Zege anayechechemea tangu toleo la tisa,
daraja lilipomwangukia akimtoa mbwa
ambaye hakuwa hata wake.
Watampa mguu mpya, najua, wa kung'aa,
watamchonga taya, watamfundisha mizaha.
Kipya kinyemi ingawa kidonda, wanasema.
Nimefunga vidonda vipya usiku kucha.
Sikuona kinyemi.

Lakini nisidanganye: nataka.
Nataka kama mtoto anavyotaka ukoko wa chungu.
Nilifika mji huu na Kiingereza cha kujazia fomu;
kilichobaki nilikiokota kwenye viputo vya Zege,
nakala kuukuu, peni kumi, sanduku la kando ya mlango.
Ndiyo maana hadi leo mgonjwa akiniteleza mkononi
husema, kwa herufi kubwa, JIKAZE, RAFIKI,
na wauguzi wenzangu hucheka.

Nyuma yangu mtoto anavuta mkono wa baba yake.
"Zege ni nani?"
Foleni nzima inageuka.
Wojtek anafungua mdomo, anaufumba.
Tuanzie wapi? Kwa mbwa? Kwa daraja?
"Si ndiyo leo tutajua," baba anamjibu,
na sisi wenye maboksi chini ya vitanda
tunatazama viatu vyetu.

Innes anafungua. Kengele. Harufu ya wino.
Pauni nne na nusu; bei nayo mpya kabisa.
Siwezi kungoja basi. Hapo hapo kaunta,
glavu nimeing'ata kwa meno,
nafunua ukurasa wa kwanza:

hakuna mtu.
Jiji jeupe, hakuna kiputo hata kimoja,
nyayo tu, zinatoka kona ya chini
kuelekea mlango wenye taa.
Nainama. Nafuta miwani.
Unyayo wa kulia umezama kuliko wa kushoto.
Kila hatua. Hadi mlangoni.
Mchoraji huyu simjui jina,
lakini aliwahi kukaa na sanduku la peni kumi.

Catriona ameshafika ukurasa wa sita na anaguna.
"Usiniambie," namwambia.
Nakifunga, nakitia ndani ya koti, upande mkavu.
Ukurasa wa pili nitausoma nikiamka.
Kama nitalala.