Nukta Baada ya Asali

Saa nane usiku, Radovljica. Theluji imeziba dirisha la jikoni.
Neža kavaa koti la marehemu baba.
Seva iko chini ya ngazi, kando ya ndoo za nta,
inanguruma kama mzinga uliofiwa na malkia.

Jina la tovuti ni la baba, herufi tisa za ukoo.
Yeye anataka tatu tu zitangulie:
med. Kwa lugha yao, asali.
Kisha nukta. Kisha baba.

Anaongeza rekodi, anaandika anwani,
ananakili faili la usanidi, anabadilisha jina,
anaiamuru seva ijisome upya.
Seva inakataa. Mstari wa kumi na saba.

Anasoma. Anarudia. Chai imepoa.
Nukta mkato!
Kijialama kisichofika unene wa mguu wa nyuki
kimemnyima mtu mzima usingizi.

Sasa anangoja jina lisambae,
seva hii iinong'oneze ile, hadi Ljubljana, hadi Toronto
kwa kaka yake Blaž, aliyesema mizinga iuzwe.

Saa kumi na robo simu inalia.
"Imefunguka. Mbona ukurasa ni mtupu?"

"Ni Januari," anajibu Neža.
"Nyuki hawajatoka."