Theluthi Mbili ya Mtu

Mimi ndiye niliyeshika ncha ya pili ya utepe.
Ncha ya kwanza ilikuwa ya Bwana Afya,
kaptula ya kaki, soksi hadi magotini,
asiyeingia chumba bila kuinama kwanza
kama anayenusa chungu cha jirani.

Mwaka ule vita vilikuwa vimekwisha,
Keya wamerudi na makoti mazito yasiyojua jua letu,
na Manispaa ikasema: sasa tutazame wanakolala.
Tukaanza Pumwani, safu baada ya safu,
kuta za udongo, paa za madebe yaliyopigwa bapa;
ukilala chali unasoma jina la mafuta ya taa
mpaka usingizi ukuhurumie.

Futi kumi kwa kumi. Kimo, futi nane.
Yeye aligawanya kwa penseli, mimi kwa macho.
Sheria ilitaka futi mia tatu za hewa kwa kila kichwa,
kwa hiyo chumba cha uani kwa Bi Tabu binti Feruzi
kilitosha watu wawili na theluthi mbili.
Walikuwamo tisa.

Bi Tabu, mkono kiunoni, aliniambia mimi, si yeye:
"Theluthi mbili ya mtu ndiyo nani? Anayenyonya?
Au Mulandi, aliyeacha mkono Bama?"
Nikatafsiri nusu.
Bwana Afya akaandika nusu ya hiyo nusu,
kisha akanipa chaki.

Duara: ikarabatiwe. Msalaba: ibomolewe.
Nikachora msalaba kwenye mlango
ambao kila usiku niliuingia nimevua viatu,
maana sikumwambia Bwana Afya
kwamba kitanda cha kwanza kushoto kilikuwa changu,
changu usiku, cha Mulandi mchana,
yeye akitoka lindoni ghala la ngozi, mimi nikienda kupima.
Godoro lile halikuwa limepoa tangu Mfungo Sita.

Asubuhi msalaba haukuwapo.
Bi Tabu alikuwa ameuosha mlango kwa sabuni ya mche.
"Si mlisema mnataka usafi?"
Nikauchora tena. Akauosha tena.
Tukaenda hivyo hadi chaki ikawa kama jino la maziwa
na mlango ukang'aa kuliko yote safu ya tatu.

Ng'ambo ya mto zikapanda nyumba za mawe,
vigae vyekundu, bomba la maji, choo cha kuvuta mnyororo.
Mwenye barua ya mwajiri apewe ufunguo.
Mimi nilikuwa na barua.
Bi Tabu alikuwa na hati ya kiwanja,
na mwajiri wake ni yeye mwenyewe;
karani alitafuta kwenye fomu pa kuliandika hilo,
akageuza karatasi, akaigeuza tena.

Usiku wa kwanza nilihesabu:
futi mia nane, na mimi peke yangu ndani yake.
Nililala nikisikia masikio yangu.
Kitanda kilikuwa baridi hata mchana,
nami nikaona haya, sijui kwa nini,
kama mtu aliyekula peke yake karamuni.

Wiki ya pili, alfajiri, Mulandi akabisha.
Hakusema neno. Akavua kofia ya lindo, akalala.
Kisha akaja ndugu yake.
Kisha mke wa ndugu yake na watoto wawili
na cherehani, ambayo sijui yapumua futi ngapi.
Habari za safu ya tatu nilizipata kwa vipande:
fedha za kubomolea zimekwisha,
au tingatinga limekwama, au Bi Tabu amepandisha kodi.

Alhamisi moja Bwana Afya akashuka mtaa mpya na daftari.
Mlango wa saba. Akainama kwa mazoea,
ingawa mlango huu ulikuwa mrefu.
Akakanyaga ncha yake kizingitini, macho kwenye karatasi.
Mimi nikaenda na yangu mpaka ukutani,
nikaipitisha dirishani lililokuwa wazi,
nikanyoosha mkono wote hadi begani.

"Umefika?" akauliza.
"Nimefika, bwana."
Nje, vidole vyangu vilikuwa vinanyeshewa.