Viazi Vinne vya Makambako

Miaka yote nimesema: treni iliniacha.
Nimemwambia mke, nimewaambia watoto,
nimemwambia hata mchungaji, naye akaandika
sijui nini katika daftari lake.

Treni haikuniacha.

Nilipandia Mlimba, simu ya maandishi mfukoni,
maneno manne: MAMA HALI MBAYA NJOO.
Usiku kucha niliikunja na kuikunjua
mpaka karatasi ikalegea kama kitambaa.
Alfajiri tukaingia Makambako. Upepo ule,
anayeujua anaujua, ulinipiga kofi dirishani.
Nikashuka kununua viazi.
Vinne, vya kuchemsha, na chumvi ndani ya kipande cha gazeti.

Honi ikalia. Mabehewa yakagongana moja baada ya jingine,
kama mzee anayenyoosha viungo kabla ya kuinuka.
Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, miguu ya mkata miwa.
Hatua kumi na tano tu ningeushika mlango;
kijana mmoja alininyooshea mkono, akaita, "Bwana! We bwana!"
Nami nimesimama, namenya kiazi.

Sikutaka kumwona akifa. Ndiyo hivyo tu.
Nilijiambia: nisipofika, hataanza.

Alizikwa Jumamosi.
Habari ilinifikia kwa utingo wa lori la mbolea.

Majuto ni mjukuu, husema watu.
Yangu hayakungoja wajukuu. Yalizaliwa palepale stesheni,
kifungua mimba,
nikayabeba mgongoni kwenda kutafuta kazi.

Nikapata: kupima mbao, futi kwa futi, penseli sikioni.
Gogo likishapasuliwa hulirudishi, si kwa kamba si kwa gundi.
Unageuza ubao, unatazama nyuzi zake,
unaamua huu wa kenchi, huu wa mlango, huu kuni.

Watu hupenda kudhani Leokadia ndiye aliyeniuzia viazi.
Hapana. Tulikutana miaka miwili baadaye
kwenye foleni ya mafuta ya taa, tukagombana.
Tukampata Ambakisye, tukampata Tusekile, tukazika mmoja.
Ningezikimbia zile hatua kumi na tano, wasingekuwapo.
Lakini hesabu hiyo siipendi:
mama upande huu, watoto upande ule.
Mizani gani hiyo, na ni ya duka la nani?

Mwaka wa kumi na tisa nikaenda Tukuyu.
Mvua, kama desturi yake, ilikuwa imenitangulia.
Dada yangu Subilaga alikuwa jikoni anamenya ndizi.
Nilimwambia yote nimesimama, kofia mkononi:
karatasi, viazi, mkono wa yule kijana.
Hakuinua macho. Alimaliza ndizi aliyoishika, akasema:
"Treni humwacha mtu siku moja.
Haimwachi miaka kumi na tisa.
Tulijua."
Kisha akanisukumia beseni na kisu.

Tulimenya mpaka giza. Utomvu ulinishika vidole,
mweusi, sabuni haiuwezi.
Nikauliza: mama aliniulizia?
"Siku ya kwanza, ndiyo," akasema.
"Siku ya pili aliulizia mvua."

Basi. Sikulia. Nililala usingizi mzito
chini ya bati linalopigwa na hiyo hiyo mvua.

Bado nakaa Makambako. Usiku honi ikilia
Leokadia hunisukuma kiwiko: "Yako hiyo."
Tunacheka. Siku nyingine hatucheki.

Na yule wa ishirini na mitatu hajaondoka,
amesimama pale, ganda la kiazi limemnata kidoleni.
Zamani nilikuwa nampigia kelele: kimbia! kimbia, mjinga wewe!
Siku hizi namsogelea upande unakotoka upepo,
nampanulia koti,
namwacha ale kabla hakijapoa.