Kiambatisho

Aprili inaisha, na barafu ya ziwa
inapasuka kama sahani jikoni kwa jirani.
Thunder Bay. Ofisi ya huduma za wanafunzi, ghorofa ya chini,
mimi na fomu kumi na nne.

Swali la tisa:
"Nje ya darasa, mhusika amejifunza kusikiliza kwa kiwango gani?
Zungushia moja hadi tano. Ambatisha ushahidi."

Bwana Pelletier si mtu mbaya.
Anataka grafu tu. Anasema
kisichopimwa hunyimwa bajeti,
na hapo hakosei: mwaka juzi walimwondoa
mshauri wa usiku, wakatuachia
namba ya simu ukutani
na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Basi nampima Harleen Dhaliwal,
mwaka wa pili, uhandisi, zamu ya usiku mapokezi ya bweni.
Septemba alikuwa akijibu watu kabla hawajamaliza kuuliza.
Funguo? Saini hapa. Kelele? Chumba namba ngapi?
Mama mmoja alipiga simu kutoka Sandy Lake, analia,
Harleen akamsomea kanuni ya faragha, kifungu kwa kifungu,
kisha akabaki anaitazama simu
kama mtu aliyejibu sawasawa
swali ambalo hakuulizwa.
Hapo ningempa mbili. Labda moja na nusu,
ila nusu haina duara.

Februari. Nje nyuzi hasi thelathini na nne.
Saa tisa usiku akashuka kijana,
viatu bila soksi, koti juu ya fulana,
akauliza bei ya sarafu za mashine ya kufulia.
Hakubeba nguo.

Yaliyofuata siyajui yote.
Najua kilichoandikwa kwenye daftari la zamu:
"Saa tisa na dakika kumi. Mwanafunzi ameuliza kuhusu mashine ya kufulia.
Amesaidiwa.
Saa kumi na mbili kasoro ishirini. Amerudi chumbani."
Najua asubuhi nilikuta kiti cha pili kimevutwa mezani,
vikombe viwili, kimoja hakina mkono,
na Harleen, macho mekundu, akinikabidhi funguo.
Nikamwuliza, usiku ulikuwaje?
"Tumeongea habari za sabuni."

Saa mbili na nusu za sabuni!

Alitaka kuongeza neno, akafunga mdomo,
nikaona ameufunga kwa ajili ya mtu,
si kwa ajili ya kanuni.
Kwetu wanasema mficha maradhi,
na methali sikuimaliza. Nikaosha vikombe.

Jana yule kijana alikuja kurudisha ufunguo.
Jina lake silitaji; amefaulu, anakwenda kwao kiangazi hiki.
Akamimina mezani kwangu sarafu kumi na moja za mashine.
"Nilikuwa nazo mfukoni usiku ule," akasema.
"Alizisikia zikilia nilipokaa.
Hakusema kitu.
Aliniuliza tu, kwenu nguo nyeupe mnazifuaje."

Nikazungushia tano. Nikaifuta. Nikazungushia tena.
Tano ya nini? Nachota maji kwa pakacha,
na pakacha lenyewe la serikali.
Mwisho nikachukua selotepu,
nikabandika sarafu moja kando ya swali la tisa,
nikaipeleka fomu juu.

Leo imerudi. Mwandiko wa Pelletier,
wino wa buluu, herufi zimesimama kama askari:
"Viambatisho viwe PDF."

Selotepu ipo, imekunjwa kwa uangalifu.
Sarafu haipo.

Nilipita mlangoni kwake mchana. Alikuwa kwenye simu,
kimya, muda mrefu kuliko kawaida yake,
mkono mmoja mfukoni.
Sikumwuliza.

Zimebaki sarafu kumi kwenye droo,
na fomu kumi na tatu.