Mkono wa Kulia

Daktari Halmos ameweka picha mbili kwenye taa,
mkono wangu wa kushoto, mkono wangu wa kulia,
ananiuliza kama kweli ni za mtu mmoja.

Ni zangu, namjibu. Wa kulia ndio uliolelewa na upanga.
Nilikuwa na miaka tisa, ukumbi wa shule hapa Szeged,
sakafu inanuka nta, baridi inapenya soksi,
na mwalimu Gerzson anagonga fimbo: Tena! Tena!
Kifundo, kiwiko, bega. Hatua, mruko, pigo.
Sikujua kwamba ndani ya mfupa mna masikio.

Yamo, anasema. Madogo mno, yamezikwa humo yakiwa hai,
kila moja na vijimfereji vyake,
na ukiruka, ukishuka, ukipiga,
maji membamba husogea gizani
na sikio hupeleka habari: mzigo umekuja, ongezeni ukuta.

Udongo wangu uliwahiwa ungali maji.
Nikavunja ungo majira ya baridi, mto Tisza umeganda,
na estrojeni ikaja, ikakaa kati ya pigo na mfupa
kama mkalimani asiyechoka.
Pigo likisema neno moja, mfupa ulisikia sentensi.

Sasa nina miaka hamsini na minne.
Mkalimani ameondoka bila kuaga.
Nilijua tu kwa joto la usiku,
nikifungua dirisha mwezi Januari mume wangu akitetemeka.
Bado napanda ghorofa nne, lifti mbovu, viazi kilo kumi,
nakanyaga kila ngazi kama ninayebisha hodi,
na mfupa, aliyekuwa mwanafunzi wangu hodari,
unasikia kelele. Maneno, hapana.

Ona, anasema daktari, kalamu yake ikifuata mstari mweupe:
nje, ukuta wa msichana bado umesimama.
Ndani panaliwa.
Je, mazoezi?
Yatasaidia, Bi. Borbála, ila itakubidi upaze sauti.

Mimi sikuja kwa ajili yangu.

Kule kwenye korido ameketi Emőke wangu,
miaka kumi na tisa, magongo mawili kando yake.
Mwanariadha wa mita elfu kumi.
Nusu tufaha kwake ni chakula cha jioni.
Miezi kumi na mmoja hajaona siku zake,
naye alifurahi, akasema ni usumbufu umepungua;
kocha akasema wepesi ndio mbio.
Kisha goko likapata ufa, mwembamba kama unywele,
Jumanne, kwenye njia tambarare, bila kujikwaa.

Kilomita mia na ishirini kwa wiki!
Nani atasema mifupa yake haikupigiwa kelele?
Mzigo ulikuwepo. Mwili ulikuwa na njaa,
ukabana matumizi, ukamfukuza mkalimani kwanza.

Hivyo tumekutana, mama na mwana,
kwenye mlango wa ukimya ule ule,
mimi nimeletwa na umri, yeye na sahani tupu.
Nami nilikuwa nikimwona anavyokimbia
nikidhani anabeba unyoya.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, hata akiwa umemzaa.

Kwenye tramu nilitoa mkate wa jibini kwenye mkoba.
Nikaumega. Sikusema neno,
maana nimeshasema mengi nyumba ile.
Akabandua ufuta, punje moja moja, akautazama mto.
Kituo cha tatu akala kipande. Cha nne, kingine.
Sikuhesabu zaidi ya hapo. Nadanganya: nilihesabu.

Lifti bado mbovu.
Egemea huku, nikamwambia, nikampa mkono wa kulia,
naye akaushika juu ya kiwiko, akashangaa:
Mama, mbona huu mnene hivi?

Ngazi ni sitini na nane.
Nikaanza kumsimulia habari za Gerzson na fimbo yake,
nikimtazama miguuni, nikijisemea moyoni
udongo huu bado una unyevu,
bado una unyevu, Mungu wangu,
na yeye akipumzika kila ghorofa, akitafuna.