Siki ya Hombolo

Mwaka huu mnunuzi hakuja.
Zabibu zilikaa kwenye matenga siku tatu, siku nne,
nyuki wakazijua kabla ya lori,
na Chedego, mume wangu, asiyekubali kushindwa mchana kweupe,
akazikanyaga mwenyewe ndani ya pipa la bluu,
suruali kaikunja hadi magotini,
akisema mvinyo, mvinyo, tutauza mvinyo.

Haukuwa mvinyo.
Mwezi wa pili tulipofunua
harufu ilitupiga kofi sote wawili kwa mkono mmoja.
Yeye akatoka kwenda kuangalia mbuzi
ambao hawakuhitaji kuangaliwa.
Mimi nikachovya kidole.
Kali. Kali ya kufumba jicho.
Lakini kwa nyuma kabisa, ulimi unapokaribia koo,
tunda lilikuwa bado limekaa, halijaaga.

Jogoo wa kienyeji si kuku wa kisasa.
Huyu amekimbizana na upepo wa Hombolo miaka miwili,
amekula mchwa, amekula mtama wa jirani,
mapaja yake yana ukaidi wa mtu aliyezoea kujitafutia.
Mweke motoni hivi hivi
uone kama hutaokota meno.
Basi nikamchanja, mistari mitatu kila paja, karibu na mfupa,
nikammiminia siki ya Chedego
vikombe viwili na kidogo,
kitunguu saumu nilichoponda kwa kitako cha chupa ya soda,
tangawizi, chumvi, pilipili kichaa saba
(nane; moja ilidondoka humo na sikuitafuta).
Nikafunika kwa sahani, juu ya sahani jiwe,
kwa ajili ya paka wa Mbeho, ambaye hana adabu.

Usiku kucha nyama na siki vilisemezana.
Kulipokucha ngozi imelegea, imeingia uzambarau,
rangi ya kanga yangu ya harusi
baada ya kufuliwa miaka kumi na sita.

Sasa vazi.
Karanga za Kongwa, nimezikaanga bila mafuta,
nikazitwanga nusu. Nusu, nasema, zisiwe uji,
zibaki na cha kutafuna.
Ufuta. Unga wa mtama, kiganja kimoja.
Na unga wa ubuyu, maana kuna uchachu unaokimbia
na uchachu unaokaa,
na mgeni wa kweli ni yule anayekaa.
Dada yangu wa Kondoa hupaka mtindi tu,
anasema karanga huungua.
Huungua ukiwa na haraka.

Oveni sina. Ninaye Mama Nyemo,
anayeoka mikate kwenye tanuri la matofali nyuma ya zahanati.
Mkate wa mwisho ukitoka, saa mbili usiku,
tanuri hubaki na joto lisilo na mwenyewe.
Nalilipia kwa paja moja.
Tunaziba mlango kwa bati na udongo mbichi,
tunakaa juu ya magunia, tunasengenya kwa kiasi,
hadi udongo unapoanza kunukia karanga
na mazungumzo yanakatika yenyewe.

Chedego alikuja bila kuitwa.
Alisimama mlangoni kama aliyepotea njia
katika kijiji alichozaliwa.
Nikampa kidari. Ganda lilivunjika mdomoni mwake,
nikalisikia kutoka nilipokaa,
halafu kimya, halafu mfupa.
“Umetia nini humu?”
“Mvinyo wako.”

Hakucheka. Alilamba kidole gumba taratibu,
ufuta ukiwa umemganda kwenye sharubu,
akatazama upande wa nyumbani, gizani, pipa liliko.
“Limebaki kiasi gani?”
“La majogoo arobaini, pengine hamsini.”
Akaanza kuhesabu kwa vidole vyenye mafuta,
bei, mara, toa kuni, toa paja la Mama Nyemo,
na mimi sikutaka kumkatiza
kumkumbusha kwamba banda letu
limebaki na majogoo wawili,
na mmoja ni wa Mbeho.