Kioo cha Unyayo

Jumatatu na Alhamisi, Saumu Shaame,
unabisha hodi umande haujakauka kwenye majani ya muhogo.
Viatu vyako vya mpira unaviacha kizingitini
vikielekea njiani, kama vya mtu asiyekaa.
Na hukai. Lakini huna haraka.

Nimekuongopea mara ngapi?
Nimesema chai nainywa bila ya sukari
na sisimizi wamejipanga mdomoni mwa kikombe.
Nimesema vidonge nimevimaliza,
ukavimwaga kitandani, ukavihesabu kimya kimya
kama karani wa karafuu anavyohesabu pishi.
Vikazidi kumi na kimoja.
Hukunigombeza. "Mzee Mbarouk," ukasema,
"hivi havijui kuongopa. Haya, tuanzie hapa."

Tuanzie. Hukusema anza.

Mimi mchumaji. Miaka arubaini na miwili
nimepanda mikarafuu ya Mtambwe peku,
tawi bovu nikilijua kwa unyayo
kabla sijalikabidhi roho yangu.
Sasa nyayo zimenyamaza.
Mwiba wa mdimu ulinichoma Ijumaa,
nikenda nao msikitini, nikarudi nao.
Mafunda ndiye aliyeiona damu kwenye busati
akauliza nani kachinja kuku.

Ulikuja na bendeji,
ukamwomba Mafunda kioo chake cha wanja,
kile cha duara, cha fremu ya bati,
nilichomletea kutoka Tanga mwaka wa harusi.
Ukakilaza sakafuni, ukaniinua mguu juu yake.
"Kila usiku," ukasema. "Mguu usiohisi hutazamwa."

Miaka sabini na mmoja
sikuwahi kuuona unyayo wangu.
Uso nimeuona, mpaka umenichosha.
Huyu alikuwa mgeni:
kisigino kimepasuka kama udongo wa kiangazi,
kovu la kigogo cha mwaka ule wa mvua nyingi,
na kidonda chenyewe, chekundu
kama karafuu iliyochelewa kuchumwa.
Kumbe huyu ndiye aliyenibeba.

Na dawa ya sindano, isiyopenda joto,
ulitufundisha kuilaza mtungini,
mtungi ndani ya mtungi, mchanga mbichi katikati.
Friji ya jirani huzimika na umeme.
Mtungi unataka kata moja ya maji, asubuhi na jioni.

Hujui kuwa nimekugundua.
Kila ukija unauliza mbuzi kafungwa wapi leo,
nami najibu kwa maringo: kule bondeni, penye majani.
Ndivyo unavyonipima nilivyotembea.

Alhamisi moja hukuja.
Saa tatu. Saa nne.
Mafunda akitazama njia, nami nikitazama njia,
kila mmoja akijifanya anatazama mvua.
Mwisho akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama wewe,
akakunjua bendeji, kama wewe,
na kabla ya kunigusa akasema, "Samahani."
Mke wa miaka arubaini na sita
ananitaka radhi kwa kunigusa mguu!
Tulicheka mpaka bendeji ikatufunguka.

Jumatatu ukaja, macho mekundu.
Hukueleza. Habari ilishafika kabla yako:
yule mama wa kule Kele, wa moyo,
uliyekuwa ukimwendea miaka minne.
Ulinifunga kidonda, ukaandika daftarini,
ukasimama uende,
na magoti yakakataa.

Ukakaa.
Mara ya kwanza, juu ya kitanda cha kamba,
miguu umeinyoosha, udongo mwekundu hadi kwenye vifundo,
lengelenge limepasuka chini ya kidole gumba.
Mafunda akaleta chai, ile ile isiyo sukari,
kisha, bila ya kukuuliza,
akakisogeza kioo chini ya mguu wako.

Mimi niligeuza uso, nikamtazama mbuzi.
Nilichokisikia ni maji kumiminwa kwenye beseni
na sauti ya mke wangu:
"Samahani, mwanangu. Haya, tuanzie hapa."